Mama aliuziwa mafuta ya sibakthoni aache dawa za presha. Nimeusoma mmea huu miezi miwili, haya ndiyo niliyokuta

BintiMenengai (Nakuru)

Habari za jioni wanajamvi. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auweke kando arudi akitulia.

Mwezi wa tatu nilienda nyumbani Kakamega kumwona mama. Ana miaka 63, ana presha, na mwaka jana damu iliganda kwenye mguu wake wa kushoto, akaanzishiwa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Nilipofungua kabati kutafuta kikombe, nyuma ya kopo la majani ya chai nikakuta chupa nyeusi ya mililita 50. Ilikuwa imekalia leso yake ya kijani, na leso ina doa la rangi ya chungwa upana wa sahani. Nikauliza. Akaniambia ni mafuta ya tunda la ng'ambo, kauziwa na mwenzake wa chama kwa shilingi 3,800, na doa hilo kalifua kwa sabuni ya kipande mara tatu halikutoka.

Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi. Nilihesabu magonjwa 34: presha, kisukari, saratani, kiharusi, vidonda vya tumbo, ini, figo, ugumba, mpaka watoto kukojoa kitandani. Juu kabisa kwa herufi kubwa imeandikwa kwamba tunda hili lina vitamini C mara nyingi kuliko chungwa. Chini kabisa, kwa kalamu ya mkono: "Acha za hospitali polepole."

Mama alikuwa ameacha vidonge vya presha siku kumi na moja. Warfarini aliendelea nayo kwa sababu aliogopa mguu, kwa hiyo akawa anameza warfarini na mafuta pamoja, kijiko asubuhi na kijiko jioni. Fizi zilikuwa zinatoka damu kila akipiga mswaki. Yeye alidhani ni ukali wa mswaki mpya.

Presha siku ile ilikuwa 178 kwa 104. Tulilala macho, asubuhi tukaenda kliniki, na kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kikaja 4.6 wakati anatakiwa kuwa kati ya 2 na 3.

Mimi nauza dawa kaunta hapa Nakuru mwaka wa tisa sasa. Kilichoniuma ni kwamba mama aliponiuliza, "Kwani mti wenyewe ni wa namna gani?" sikuwa na jibu. Nimekaa miezi miwili nikisoma usiku baada ya kufunga duka. Na nimekuta jambo ambalo sikulitarajia: tunda lenyewe ni zuri kwelikweli. Ubovu uko kwenye karatasi.

Kiswahili hakina jina la mmea huu, kwa sababu haumei kwetu. Wauzaji wanauita sibakthoni nami nitauita hivyo. Warusi wanauita oblepikha, Wajerumani Sanddorn. Kisayansi ni Hippophae rhamnoides, na hiyo Hippophae imetoka kwenye maneno ya Kigiriki ya farasi na kung'aa. Inasimuliwa kwamba farasi waliolishwa majani yake walinenepa na manyoya yakang'aa. Ni kichaka cha miiba mikali, majani membamba yenye rangi ya fedha upande wa chini, na matunda ya chungwa madogo kama njegere yaliyogandamana kwenye tawi. Kwao ni China, Mongolia, Ladakh kule India, milima ya Altai ya Urusi, mpaka pwani za bahari ya Baltiki. Baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri hauiogopi. Waganga wa Tibet wameutumia kwa zaidi ya miaka elfu moja, na China iliuingiza kwenye kitabu chake rasmi cha dawa mwaka 1977. Kwa hiyo mtu asije hapa akasema ni uzushi mtupu.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililonikasirisha kuliko yote. Tunda lina sehemu tatu: maji, nyama na mbegu. Vitamini C iko kwenye maji, na ni nyingi. Aina za Ulaya huwa na mia moja na kitu hadi mia tatu za miligramu kwa gramu 100, zile za China zinaweza kupita elfu moja. Chungwa lina kama 53. Hadi hapo karatasi haikusema uongo. Lakini vitamini C huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Koroga sukari kwenye mafuta ya kupikia uone itakavyozama chini ikakaa vilevile. Yakikamuliwa mafuta, vitamini C inabaki kwenye juisi. Chupa ya mama ilikuwa mafuta matupu. Sifa ya kwanza, ile ya herufi kubwa, haikuwemo ndani ya chupa hata tone.

Nitaendelea kesho, macho yamechoka. Mwenye ujuzi aongeze.

Shujaa58

Pole sana dada kwa yaliyompata mama. Ila mimi siwezi kunyamaza. Nakaanga chipsi mtaani, na mwaka juzi mafuta ya moto yaliniruka mkononi. Nilipaka haya mafuta ya chungwa wiki tatu na ngozi ilirudi safi, kovu ni kama halipo. Je, mimi nilidanganywa?

Mteja_wa_Mumias

Nafuatilia kwa makini. Shangazi yangu anayo hiyo chupa.

BintiMenengai (Nakuru)

Ndugu Shujaa58, hukudanganywa, na nashukuru umesema. Kupaka kwenye ngozi iliyoungua ni kazi yake inayojulikana siku nyingi huko kwao. Warusi walianza kuushughulikia mmea huu kwa bidii karne iliyopita, hasa Altai, na hospitali zao zikatumia mafuta ya nyama ya tunda kwa majeraha ya moto na vidonda vya mdomoni. Mafuta hayo yana karotini nyingi, ndiyo hiyo rangi iliyoshinda sabuni, yana vitamini E, na yana asidi ya palmitoleiki ambayo wauzaji wanaiita omega-7. Ngozi yetu wenyewe ina mafuta ya aina hiyo, kwa hiyo si ajabu ikiyapokea vizuri.

Naongeza mawili tu. La kwanza, ukiungua, kabla ya kufikiria kupaka chochote, weka mkono kwenye maji ya bomba yanayotiririka dakika 20. Si barafu, si unga, si dawa ya meno. La pili, ngozi iliyoungua juujuu hurudi yenyewe ndani ya wiki mbili tatu ikitunzwa safi, kwa hiyo ni vigumu kujua kazi ilikuwa ya mafuta au ya mwili wako. Huenda ni vyote viwili. Moto ukiingia ndani, au ukishika uso au kiungo, huo ni wa hospitali.

Na mwenzangu wa Mumias, muulize shangazi leo leo anameza dawa gani.

MuuguziWaZiwa (Kisumu)

Nimesoma nikaona niingie, maana nafanya kliniki ya wagonjwa wa damu kuganda na habari hii ya mama si ya kwanza kuiona.

Warfarini wengi huiita dawa ya kuyeyusha damu. Haiyeyushi kitu. Inalizuia ini lisitengeneze baadhi ya vitu vinavyogandisha damu, na inafanya hivyo kwa kuikaba vitamini K. Upande wa pili kuna chembe sahani, ambazo ndizo za kwanza kukimbilia mahali palipochanika zikashikana. Hizo warfarini haizigusi. Sasa huko Finland walichukua wanaume 12 wenye afya, wakawapa mafuta ya sibakthoni gramu 5 kwa siku kwa wiki nne, na chembe sahani zao zikapunguza kushikana. Ilichapishwa mwaka 2000. Watu 12 ni wachache, sitajenga nyumba juu yao. Lakini ukiwa na mgonjwa ambaye mlango mmoja umeshafungwa kwa warfarini, halafu mtu anakuja kuusukuma na mlango wa pili, hungoji utafiti wa watu elfu. Unaondoa chupa.

Dada, hiyo INR ya 4.6 usiihukumu sibakthoni peke yake. Soma nyuma ya chupa. Nyingi ninazoletewa zina vitu vitatu au vinne ndani, na INR hupanda pia mtu akikosa hamu ya chakula, akiharisha, au akimeza antibaiotiki. Kuna kitu kingine tena. Mgonjwa akisikia "dawa za asili" huacha na mboga, kwa sababu aliambiwa mboga zinapingana na warfarini. Mama asiache managu wala saga. Ale kiasi kilekile wiki hadi wiki, daktari atapanga kipimo cha dawa kulingana na sahani yake. Kinachovuruga ni kula sana wiki hii na kutokula kabisa wiki ijayo.

Tena, mpeleke na ile chupa kliniki waijazie fomu ya manjano ya Bodi ya Dawa na Sumu. Ile ni ya kuripoti madhara, na si lazima uwe na uhakika nani mkosaji. Watu wanaona kama ni kushtaki mtu. Fomu zikijaa ndipo bodi inajua kuna kitu kinazunguka vijijini.

BintiMenengai (Nakuru)

Ahsante sana daktari. (Najua wewe ni muuguzi, ila kwetu anayetibu ni daktari.) Nimeirudia chupa kwa tochi ya simu. Kweli: mafuta ya sibakthoni, mafuta ya kitunguu saumu, na majani ya ginko. Hivyo viwili navyo vina sifa ya kuongeza hatari ya kutoka damu kwa aliye kwenye warfarini. Nilikuwa nimesoma mbele ya chupa tu, mimi ambaye kazi yangu ni kusoma nyuma.

Fomu tumejaza.

MkulimaMolo

Shikamooni wakubwa. Mimi niko Molo, nina ekari mbili zilizokuwa za pareto enzi za mzee. Kuna kijana anapita huku na miche ya hii sibakthoni, shilingi 1,500 mche mmoja, anasema tunda linapenda baridi na Molo ni baridi, halafu kampuni itanunua mavuno yote. Nimeshaweka kando pesa ya miche 40. Naombeni ushauri kabla ya Jumamosi.

BintiMenengai (Nakuru)

Mzee wangu, marahaba, na tafadhali shika pesa hiyo kwanza.

Mmea huu una wa kiume na wa kike, kila mmoja kwenye shina lake, kama mpapai. Wa kiume hauzai, unatoa chavua tu inayobebwa na upepo; huko kwao hupandwa wa kiume mmoja kwa wa kike sita hadi wanane. Mche mdogo ukiutazama hujui ni upi, mpaka machipukizi ya maua yatokee miaka mitatu minne baadaye. Kama miche imetoka kwenye mbegu, kwa kawaida kama nusu yake ni ya kiume. Kijana alikuambia habari hiyo?

Halafu kuna baridi na baridi. Molo usiku ni baridi, jamani, hata mimi nikilala huko naomba blanketi la tatu. Lakini ni baridi ileile Januari hadi Desemba, na mchana jua linawaka. Sibakthoni umezoea majira: miezi ya baridi kali unalala kabisa, majani yote chini, halafu kiangazi chenye mchana mrefu unaamka na kuzaa. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, mchana wetu ni saa kumi na mbili mwaka mzima. Mti usipolala, hauamki vizuri.

Na miche hiyo imeingiaje nchini? Mmea wowote unaotoka nje unahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kabla haujasafirishwa, pamoja na cheti cha afya ya mimea cha huko ulikotoka. Mwambie akuonyeshe karatasi hizo mbili. Zisipokuwepo mazungumzo yameisha.

Wengi hapa mnakumbuka kware, mwaka 2013 na 2014. Mayai yaliyosemwa yanatibu kila kitu, watu wakauza ng'ombe wakajenga vizimba, na waliopata pesa ni waliouza vifaranga mwanzoni. Majirani zangu wawili kule Bahati, vizimba vyao mpaka leo vinafugiwa sungura.

Kitu kimoja cha mmea huu kinafaa kukupendeza kama mkulima. Mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wanaoitwa Frankia, wanavuta naitrojeni kutoka hewani na kurutubisha udongo. China wameupanda kwenye zaidi ya hekta milioni moja, sana sana kuzuia udongo usibebwe kwenda Mto Manjano. Matunda yalikuja kama faida ya juu. Lakini kwa kazi hiyo sisi tuna mvinje, nao una Frankia haohao kwenye mizizi, na miche yake unaipata kwenye kitalu chochote kwa bei ya chai.

BusiaHadiTurku

Niliona jina la tunda nikacheka kwa furaha. Mimi ni wa Busia, ninaishi Turku, Finland, mwaka wa kumi na mbili. Hapa linaitwa tyrni na linamea lenyewe ufukweni, mizizi kwenye mchanga na mawe.

Niwaeleze kulichuma, maana wauzaji hawawaambii. Linaiva kuanzia mwisho wa Agosti. Tunda halina kikonyo cha kuvutia, limegandia tawi, ngozi yake nyembamba kama ya jicho la samaki. Ukilibana linapasuka, maji yanatiririka mpaka kiwiko, na kila mahali mwiba ulipokuchana maji hayo yanachoma kama ndimu. Saa mbili nzima napata kikombe kimoja na nusu. Wenye mashamba wanakata tawi zima, wanaligandisha kwenye friza, wanaligonga, matunda yanadondoka kama changarawe. Ndiyo sababu bei yake sokoni iko juu hapahapa linamomea. Wewe unayeuziwa lita ya juisi yake Kakamega kwa bei ya soda, jiulize nani alichomwa na miiba bure.

Ladha: kwanza uchachu unaokufumba macho, halafu utamu mdogo, halafu mafuta yanabaki kwenye midomo. Mke wangu analiponda na asali. Mimi nalitia kwenye uji wa wimbi mahali pa ukwaju, na kwa kweli ndicho kitu kilichonirudishia uji wa bibi yangu katika nchi hii.

Kuhusu utafiti, hapa Turku wamelichunguza kwa miaka mingi na hawafichi lililoshindikana. Waliwapa watu wazima zaidi ya 250 rojo la tunda gramu 28 kila siku kwa siku 90, wengine wakapewa rojo la kulinganishia, hakuna aliyejua anakula lipi. Walitaka kuona kama linazuia mafua. Halikuzuia. Waliokula na wasiokula waliugua sawasawa, ila kipimo kimoja cha uvimbe ndani ya mwili kilishuka kidogo kwa waliokula. Hiyo ni 2008, na waliochapisha ni watu wa nchi inayolipenda tunda lenyewe.

NyarKibuye (Kisumu)

Kumbe linafanana na ochuoga! Sisi tulichuma ochuoga kwenye miiba tukitoka shule, midomo ikawa zambarau. Na uji wa chwaa, yaani ukwaju, nani hajanywa.

Ninauza matunda Kibuye. Binti, swali langu ni moja. Mteja mwenye shilingi 20 mkononi, anataka hiyo vitamini C, nimwambie nini?

BintiMenengai (Nakuru)

Mama, mwambie achukue mapera. Gramu 100 za mapera zina kama miligramu 228 za vitamini C. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji 45 kwa siku. Pera moja dogo limemaliza kazi ya leo na kesho, na mwili hauweki akiba kubwa, zinazozidi zinaenda na mkojo. Kwa hiyo hata kama sibakthoni ingekuwa na elfu mbili, nyingi ungezimwaga chooni. Mapera yaliyolainika na kuanguka chini ndiyo tunayoachia ndege na watoto, na ndiyo yanayoshindana na tunda linalotoka Altai.

Ninalo jambo la nyumbani pia, na hili nimemwambia mama kwa upole kwa sababu ni mapishi ya mama yake. Mrenda na kunde tunazipika na munyu au magadi zilainike na kubaki kijani. Magadi huharibu vitamini C haraka, moto ukimalizia. Sisemi muache, mrenda bila munyu si mrenda. Ila usitegemee sufuria hiyo kwa vitamini C. Kula pera baadaye. Karotini haisumbuliwi hivyo, na ikikutana na mafuta kidogo mwili unaipokea vizuri zaidi. Viazi vitamu vile vya rangi ya chungwa vinavyolimwa Busia na Homa Bay vimejaa karotini ileile iliyotia doa leso ya mama. Waliovihangaikia barani Afrika walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016.

Na hiyo omega-7 wanayosema haipatikani popote: mafuta ya makadamia yana kama asilimia 20 yake, na makadamia inatoka Embu na Murang'a kwenda nje kwa makontena. Mbegu za sibakthoni zina omega-3 pia, lakini ni ile ya mimea, mwili unaigeuza kidogo tu kuwa ya aina ya samaki. Omena wako hapo Kibuye wana ya samaki moja kwa moja.

MuuguziWaZiwa (Kisumu)

Kwa haki ya mmea, sema na yale mawili yaliyoonyesha dalili nzuri. Usiwaache watu wakidhani halina kitu.

BintiMenengai (Nakuru)

Nilikuwa nayaweka mwisho kwa sababu ndiyo yaliyonikalisha macho.

La kwanza ni macho makavu. Utafiti wa Finland wa mwaka 2010, gramu 2 za mafuta kila siku kwa miezi mitatu, kuanzia vuli kuingia majira ya baridi wakati hewa ya huko inakausha macho ya watu. Machozi ya waliokunywa hayakuzidi kuwa mazito na ya chumvi kama ya wenzao, na kuwaka na wekundu vilikuwa afadhali. Afadhali, si kupona.

La pili ni la akina mama, nami nitalisema wazi kwa sababu tunalificha mno. Hedhi ikikoma, wengi huwa wakavu sehemu za siri, kunauma, kunachubuka, wengine hawamwambii hata mume. Mwaka 2014 walichapisha majaribio ya gramu 3 za mafuta kwa siku, miezi mitatu, kwa wanawake zaidi ya mia moja wa umri huo. Kulikuwa na dalili kwamba ngozi ya ndani iliimarika zaidi kwa waliotumia kuliko kwa wenzao. Watafiti wenyewe wanalisema hilo kwa tahadhari, kwamba huenda likawafaa wasioweza kutumia krimu za homoni. Mama anayesumbuka aanze kwa kumwambia nesi wa kliniki. Hakuna nesi atakayeshangaa.

Sasa rudini kwenye ile karatasi yenye magonjwa 34. Niliipitia tena na kalamu. Macho makavu hayamo. Ukavu wa akina mama haumo. Kuungua, ambako kumemfaa ndugu Shujaa58, hakumo. Aliyeiandika hakujali tunda hili linafanya nini. Aliandika magonjwa ambayo watu wetu wanaugua na kuyaogopa: presha, sukari, saratani. Watu wa Tibet na Altai walilihifadhi tunda hili vizazi na vizazi, watafiti wakalipima gramu kwa gramu, halafu likafika Kakamega likiwa limevuliwa kila kitu cha kweli na kuvikwa vitisho vyetu. Hilo linaniuma kwa niaba ya mama, na linaniuma kwa niaba ya tunda pia.

MkulimaMolo

Kijana nimemuomba zile karatasi mbili. Amesema atazileta, simu sasa haishiki. Pesa ninayo. Nitaongeza matunda damu na mvinje mpakani. Mungu akubariki binti yangu. Mama anaendeleaje?

BintiMenengai (Nakuru)

Anaendelea vizuri, mzee, ahsante kwa kumkumbuka. Amerudi kwenye vidonge vya presha, Jumanne ilikuwa 138 kwa 84 na INR 2.4. Macho yake kweli ni makavu, ila daktari wa macho aliuliza kwanza anapikia nini, na jibu lilikuwa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha. Amepewa matone, na kaka yangu ametoboa ukuta. Mafuta hagusi mpaka warfarini iishe, na hata hapo tutamuuliza daktari kwanza.

Yule mwenzake wa chama tulimwita nyumbani, tukaketi naye, hatukugombana. Alikuwa ameuza chupa tisa, na ya kumi anakunywa mwenyewe kwa ajili ya sukari. Dawa zake alikuwa ameacha tangu Krismasi. Nilikuwa na kipimo cha sukari kwenye mkoba, akanyoosha kidole. Ilisoma 21. Tulimpeleka hospitali jioni ileile kwa bodaboda mbili, mama akiwa nyuma ya ya pili. Kwenye zile chupa tisa, tumeshawapata wenye saba.